Wenye Nyumba Wanauliza: Kufuli, LUKU Moja na Choo Kilichojaa

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu wa hali yangu: wenye nyumba za vyumba vinne au sita, wanaoishi humohumo na wapangaji wao na kuchota maji kwenye bomba moja. Ukitajwa kuwa mwenye nyumba watu hudhani una pesa. Wengi wetu kodi ya chumba ndiyo ada ya mtoto na ndiyo dawa ya presha, na mpangaji mmoja akikwama, nasi tumekwama. Mimi nakaa Tandika, Temeke, kwenye nyumba aliyojenga marehemu mume wangu, na nimeishi na wapangaji tangu wanangu wakiwa shule ya msingi. Ninayoyajibu hapa ndiyo ninayoyafanya kwangu. Majina ya waliouliza nimeyaacha kwa heshima yao.

SWALI: Shikamoo mama. Nina nyumba Mbagala, vyumba viwili nakaa na wanangu, vingine nimepangisha. Kijana aliyechukua chumba na sebule kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, kodi yake imeisha na huu ni mwezi wa tatu hajatoa hata mia. Anauza mitumba, ana mke na mtoto mchanga. Kila nikimgongea ni "mama, wiki ijayo". Mimi nina rejesho la kikoba kila Jumamosi. Jirani yangu ananishauri nipige kufuli langu juu ya lao wakiwa wametoka, au ning'oe mlango, watahama wenyewe. Nifanyeje? (Mama wa Mbagala)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kufuli usipige, na mlango usiuguse.

Nikueleze yaliyotokea mtaani kwetu. Mwenye nyumba mmoja alipiga kufuli mchana. Mpangaji akarudi saa mbili usiku, mke ana mtoto mgongoni, mvua inanyesha. Majirani wakajaa, kufuli likavunjwa kwa nyundo mbele ya watu. Asubuhi yule mpangaji akaenda kituoni akasema chini ya godoro palikuwa na laki nane na hazionekani. Aliyeandikishwa maelezo siku ile ni mwenye nyumba, na habari ya deni la kodi hakuna aliyeiulizia. Mwenye haki aligeuka mtuhumiwa kwa kufuli la shilingi elfu tano.

Chumba ni chako, lakini maadamu ulimkabidhi ufunguo na hajakurudishia, ndani mle ni kwake. Kumtoa kwa nguvu si kazi yako, wala ya mjumbe, wala ya vijana wa kijiweni. Amri ya kumtoa mtu hutolewa na chombo chenye mamlaka, na kwa mambo ya ardhi na nyumba huku kwetu huanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya kufika huko mnapita Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu kwenye migogoro hii, linasuluhisha tu, na lina siku 30 za kufanya hivyo. Likishindwa, mnasonga mbele wilayani. Wengi hawalijui hili, wanakaa kata miezi wakingoja hukumu isiyokuja.

Ila kabla ya mabaraza, kaa naye. Usimgongee mlango saa kumi na mbili asubuhi. Mwambie leo, "Kesho jioni mimi na wewe na mjumbe tutakaa kibarazani, uje na mkeo." Mke awepo, maana mara nyingi yeye hajui deni limefika wapi. Muuza mitumba hapokei mshahara mwisho wa mwezi, anashika hela ya kila siku, na ukimdai 240,000 kwa mpigo atakukimbia tu. Mdai kila wiki. Akikuletea 30,000 kila Jumapili, kwa mwezi ni 120,000: hapo 80,000 ni kodi ya mwezi huo na 40,000 inapunguza deni, na ndani ya miezi sita deni limekwisha. Yaandikeni hayo kwenye karatasi, mtie sahihi wote na mjumbe ashuhudie. Atume kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki kwake na kwako. Akileta mkononi, mwandikie risiti palepale.

Akikosa Jumapili mbili bila kusema neno, mpe notisi ya maandishi. Haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Andika tarehe, jina lake, chumba anachokaa, kiasi anachodaiwa na cha miezi gani, na siku unayotaka alipe au akabidhi chumba. Anayelipa mwezi kwa mwezi bila mkataba wa muda maalumu, notisi yake isipungue mwezi mmoja. Toa nakala, moja apokee kwa sahihi, nyingine ibaki kwako. Akikataa kusaini, mjumbe aandike kwamba amekataa.

Na kikoba, mwanangu. Rejesho la kila Jumamosi lisitegemee kodi ya chumba kimoja. Waambie wenzako ukweli mapema, kikundi husikiliza mtu aliyesema kabla ya siku kufika. Kwa mpangaji vilevile, mazungumzo haya yalitakiwa wiki ile kodi ilipoisha. Deni la mwezi mmoja mtu hulionea aibu, likifika miezi mitatu ameshalizoea.

SWALI: Mama, habari za kazi. Kwetu Buguruni tuna mita moja ya LUKU na wapangaji watano. Kwa mwezi tunanunua umeme wa kama 60,000, kila chumba kinachanga 12,000. Sasa kuna mama ana friji mbili, anauza barafu na juisi. Kuna kijana mwenye taa na chaja ya simu tu, anasema hatoi tena hiyo 12,000. Umeme ukikatika saa sita usiku kila mtu anajifanya amelala, na mwisho ninaununua mimi. Wanataka nimfukuze mama wa barafu. (Kaka wa Buguruni)

JIBU: Usimfukuze. Yule mama anatafuta riziki, na kosa si lake. Mmegawana kwa vichwa kitu kisichogawika kwa vichwa.

Kwanza uelewe kwa nini mnanunua umeme ghali. TANESCO wana bei ya watumiaji wadogo wa majumbani, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, nao hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukizidi hapo unaingia bei ya kawaida, ambayo ukijumlisha kila kitu ni kama shilingi 356 kwa uniti, ndiyo maana ukinunua wa 10,000 unapata uniti 28 hivi. Familia tano nyuma ya mita moja haziwezi kubaki chini ya 75. Kwa hiyo kijana wako mwenye taa moja, ambaye angekuwa na mita yake angelipa bei ya chini, analipa bei ya mtu mwenye friji. Ana haki ya kulalamika.

Dawa ambayo nimeiona inafanya kazi ni mita ndogo ya ndani kwa kila chumba. Zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo. Mtafute fundi mwenye leseni, azifunge kwenye nyaya za ndani ya nyumba. Mita ya TANESCO isiguswe kabisa, na fundi anayekwambia anaweza "kuirekebisha" mfukuze huyo.

Kwangu mita hizo ziko kwenye ukuta wa korido, juu kidogo watoto wasifikie, kila moja imeandikwa namba ya chumba kwa rangi nyeupe. Jumapili jioni mtu mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika kwenye kaunta buku, na yeyote anayetaka anasimama pale na kuangalia. Mwisho wa mwezi tunapiga hesabu. Tuchukue ya kwenu. Mmenunua wa 60,000. Toa 1,500, nitaieleza baadaye. Inabaki 58,500, nayo imewapa uniti kama 164. Gawa, kila uniti ni shilingi 357. Mama wa barafu tuseme mita yake imesoma uniti 90, atoe 32,130. Kijana wa taa imesoma 9, atoe 3,213. Hapo kelele zinaisha, maana namba mmezisoma wote.

Usishangae mama wa barafu akikubali bila ugomvi. Mfanyabiashara anataka kujua gharama yake. Mmoja niliyekuwa naye, baada ya kuona mita yake, alibadilisha mpira wa mlango wa friji uliokuwa umelegea, na mwezi uliofuata uniti zikapungua.

Kuhusu saa sita usiku: msinunue umeme ukishakatika. Kila chumba kitangulize kiasi mnachokubaliana tarehe 1 na tarehe 15, mtu mmoja anunue, risiti na zile namba za LUKU azitume kwenye kundi la WhatsApp la nyumba. Kisha mwisho wa mwezi aliyetanguliza pungufu anaongeza, na aliyezidisha anahamishiwa mwezi unaofuata. Taa ya kibarazani na ya chooni ibebe mwenye nyumba.

Sasa ile 1,500. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa sasa ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi. Hiyo ni kodi ya jengo, na jengo ni lako. Mpangaji akinunua umeme wa kwanza wa mwezi ikakatwa, amekulipia wewe. Mrudishie, au ipunguze kwenye kodi yake ya pango. Ni hela ndogo kwako, lakini kwa mtu wa chumba cha 40,000 ni mboga ya siku, na anajua fika kwamba haikuwa yake.

SWALI: Mama, nina fremu mbili za duka barabarani. Moja imechukuliwa na kampuni kwa 300,000 kwa mwezi. Wamenilipa 270,000 wakasema wamekata asilimia 10 ya serikali. Nimeibiwa? (Mstaafu, Morogoro)

JIBU: Hujaibiwa kaka yangu, mradi hiyo 30,000 imefika TRA. Inaitwa kodi ya zuio, anayelipa pango anaikata na kuipeleka kwa jina lako. Wadai hati ya zuio inayoonyesha namba yako ya mlipakodi na kiasi kilichokatwa, uihifadhi pamoja na mkataba. Wakizungushazungusha kuitoa, nenda ofisi ya TRA ya mkoa uulize kama malipo yameingia. Na safari ijayo kwenye mkataba iandikwe wazi kama 300,000 ni kabla ya kukatwa au ni ya kushika mkononi.

SWALI: Dalali kaleta mpangaji, kachukua mwezi wake mmoja kwa mpangaji, sasa ananidai na mimi "ya soda". Baada ya miezi sita huyohuyo dalali kamhamisha mpangaji wangu kampeleka nyumba nyingine! (Dada, Tabata)

JIBU: Dalali anakula kwenye kuhama kwa watu, kwa hiyo usitegemee akusaidie mpangaji akae. Mpe alichokubaliana nawe kabla, zaidi ya hapo huna deni. Mimi chumba kikiwa wazi huwaambia kwanza wapangaji waliopo. Mtu akimleta mwenzake anamleta anayemfahamu tabia, na ule mwezi wa dalali mgeni anabaki nao wa kununulia godoro. Na yeyote atakayekuja, hata akiwa shemeji yako, mpeleke ofisi ya serikali ya mtaa aandikwe kwenye daftari la wakazi kabla ya kumpa ufunguo.

SWALI: Shikamoo. Choo cha uani kimejaa, na masika ndiyo hii. Wapangaji wanasema kukinyonya ni juu yangu, mimi nasema wao ndio waliokijaza. Gari halifiki, uchochoro ni mwembamba. Kuna kijana ameniambia atakuja usiku mvua ikinyesha akitapishe kwa bei nafuu. (Baba wa Manzese)

JIBU: Marahaba. Nakuomba sana ndugu yangu, usitapishe. Maji yale hayapotei. Yanashuka kwa jirani wa bondeni, yanaingia kisimani na kwenye ndoo za watoto, na kipindupindu mjini kwetu hupenda sana msimu huu. Nimefanya kazi hospitali, nimewashika wagonjwa wa kipindupindu mikononi, macho yameingia ndani na ngozi ukiifinya hairudi. Hakuna bei nafuu inayofanana na hilo. Bwana afya naye akikukuta, faini ni yako na si ya yule kijana.

Kama gari haliwezi kupita, ulizia ofisi ya kata vikundi vya kunyonya kwa pampu ya mkono. Wanajaza mapipa, wanayatoa kwa guta mpaka barabarani. Waulize wanamwaga wapi. Jibu sahihi ni mabwawa ya maji taka, kama yale ya Vingunguti. Anayejibu "usijali mama, tunajua pa kupeleka" usimpe kazi.

Nani alipe? Mimi nasema shimo lenyewe, kuta zake, mfuniko na bomba ni vya mwenye nyumba daima. Kunyonya ni matumizi, kunaweza kuchangiwa, lakini kwa sharti kwamba mpangaji aliambiwa kabla ya kuingia. Kama hukumwambia, safari hii lipa mwenyewe, kisha uitishe kikao. Kwangu kila chumba kinatoa 2,000 kwa mwezi, inaandikwa ukurasa wa peke yake kwenye kaunta buku. Ukiwa na vyumba sita, kwa mwaka ni 144,000, na siku choo kikijaa hela ipo na hakuna anayekunja uso. Nami kama mwenye nyumba nachangia kwa chumba changu kama wao.

Kingine, chungulia kilichomo shimoni. Mara nyingi shimo limejaa pampasi, pedi na vitambaa, vitu visivyooza na vinavyoziba mpira wa kunyonyea. Weka ndoo yenye mfuniko pembeni ya mlango wa choo, na mzoa taka alipwe kila wiki bila kukosa. Wasichana wako wa nyumbani na wa wapangaji waambiwe kwa upole na mwanamke mwenzao. Baba mwenye nyumba akilitangaza uani atawaaibisha tu, na vitaendelea kutupwa usiku.

SWALI: Mama, baba yetu alifariki, ametuachia nyumba ya Kiswahili Ngamiani, Tanga. Tuko watoto wanne. Mwisho wa mwezi kaka mkubwa anachukua kodi ya vyumba vya mbele, mdogo wetu anachukua ya uani, sisi wa kike hatupewi kitu. Mpangaji mmoja amelipishwa mara mbili, mwingine anasema atahama. Bati linavuja na hakuna anayetaka kutoa hela. (Binti wa Ngamiani)

JIBU: Pole kwa msiba mwanangu. Hapa wapangaji wenu wana subira kuliko wenye nyumba.

Nyumba hiyo kwa sasa si ya kaka wala ya mdogo, ni mali ya marehemu, na mwenye haki ya kupokea kodi yake ni msimamizi wa mirathi peke yake. Kaeni kikao cha ukoo, mpendekeze mtu, na muhtasari uandikwe na kusainiwa. Chukueni muhtasari huo na cheti cha kifo mwende Mahakama ya Mwanzo mfungue mirathi. Mwanamke anaweza kuwa msimamizi, msikubali kuambiwa vinginevyo. Atakayeteuliwa hageuki kuwa mmiliki: anatakiwa kuorodhesha mali na madeni na kurudisha taarifa mahakamani, na muda wa kawaida ni miezi minne. Afungue akaunti ya mirathi benki, kodi zote ziingie huko, na matengenezo yatoke huko kabla mtu hajagawiwa chochote. Bati ndilo liwe la kwanza, maana boriti zikianza kuoza mtagawana kifusi.

Hukusema kama mama yenu yupo. Kama yupo, chumba chake kisiguswe na kisihesabiwe kodi, na haki yake kwenye mirathi itajwe kabla ya zenu.

Wakati mahakama bado haijateua, kubalianeni nyote wanne kwa maandishi mtu mmoja na namba moja ya simu ya kupokelea. Yule aliyelipa mara mbili asilipe mwezi ujao, na aandikiwe hivyo kwa sahihi ya waliompokea. Kila mpangaji apewe nakala ya barua yenye sahihi zenu nne kabla ya tarehe 1, na kwenye barua iandikwe kwamba atakayempa mtu mwingine hela baada ya siku hiyo, hajalipa kodi.